MAKETI YA NDEGE COMET: JANA ILIPITA, JE, LEO ITAPITA?



Somo la namba hii ni la fizike, lakini litapita pia katika hesabu, jeografia na historia. Tutasoma juu ya maketi, yaani mfano mdogo wa kitu kikubwa. Maketi tuliyochagua ni ya ndege Comet, ndege ya kwanza ya jeti iliyobeba abiria wa kulipa. Ndege zinazoshuka Bujumbura, ng'ambo ya Ruzizi, mnaziona toka bonde letu hili. Zote, kwa namna fulani, ni wajukuu wa Comet. Wajukuu hao wanasafiri salama si kwa sababu babu yao alifaulu tu. Ni kwa sababu alianguka, na watu wakatafuta sababu mpaka wakaipata.

Mwenye rula, kartoni na mkasi avitayarishe. Mazoezi yako mwishoni.

I. COMET NI NDEGE GANI?

Comet ilitengenezwa na kampuni de Havilland ya Uingereza. Iliruka mara ya kwanza tarehe 27 Julai 1949 kule Hatfield, na rubani wake alikuwa John Cunningham. Wakati ule ndege za abiria zilikuwa na helisi, yaani yale mapanga yanayozunguka mbele ya moteri. Zilitetemeka, zilipiga kelele, tena zilipita chini, ndani ya mawingu na mvua. Comet haikuwa na helisi hata moja. Ilikuwa na moteri ine za jeti, tena hazikuning'inia chini ya bawa kama za leo. Zilifichwa ndani ya bawa lenyewe, mbili kila upande, karibu na mwili wa ndege.

Moteri ya jeti inafanya kazi vizuri mahali pa juu sana, penye hewa nyembamba. Kwa hiyo Comet ilipanda mpaka mita 10,000 na zaidi, juu ya mawingu mengi, na kwenda zaidi ya kilometa 700 kwa saa. Abiria waliitazama mvua wakiwa juu yake. Shika neno hili la kupanda juu sana, maana ndilo lililoleta faida yote, na ndilo lililoleta shida yote.

II. SAFARI YA KWANZA ILIPITA KWA JIRANI

Tarehe 2 Mei 1952 kampuni BOAC ya Uingereza ilianzisha safari ya kwanza ya abiria kwa ndege ya jeti katika dunia nzima. Safari hiyo haikwenda Marekani wala Ufaransa. Ilikuja Afrika. Ndege ilitoka London, ikapumzika Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg siku ya pili yake, bila kumaliza masaa 24.

Entebbe iko Uganda, kando ya ziwa Viktoria. Toka Uvira mpaka pale, kwa mstari ulionyoka, ni kilometa 500 na kidogo. Miezi mitatu tu mbele ya hapo, tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth wa Uingereza aliondoka uwanja huo huo wa Entebbe kurudi kwao, akiwa amepata habari ya kifo cha baba yake na amekuwa malkia. Yeye alipanda ndege ya helisi. Waliokuja nyuma yake walipanda jeti. Ndivyo dunia ilivyobadilika upesi.

Fungueni atlasi. Wekeni rula toka Entebbe mpaka Livingstone. Ni karibu kilometa 2,100. Mtaona mstari unakata ziwa letu Tanganyika upande wa kusini, karibu na Moba. Basi habari hii si ya mbali kama tunavyofikiri.

Ndege iliyofanya safari ile ya kwanza ilikuwa na herufi G-ALYP. Katika redio marubani waliiita Yoke Peter. Tutaikuta tena.

III. MAKETI YA 1/100 INASEMA NINI, INAFICHA NINI?

Tuchukue kipimo cha 1/100. Maana yake, sentimita moja ya maketi inasimama badala ya mita moja ya ndege. Comet ya kwanza inatupa hesabu hizi:

– Urefu: mita 28.4. Katika maketi: sentimita 28.4.
– Toka ncha ya bawa mpaka ncha ya lingine: mita 35. Katika maketi: sentimita 35.
– Upana wa mwili: karibu mita 3. Katika maketi: karibu sentimita 3.

Mpaka hapa ni rahisi, hata wa kilasi ya kwanza anaweza. Sasa uzito. Comet iliyojaa abiria na mafuta iliweza kuwa na kilo 47,600 hivi. Katika maketi je? Mwanafunzi wa haraka atasema: gawanya kwa 100, ni kilo 476. Hapana! Hiyo maketi ingevunja meza. Urefu umepungua mara 100, upana mara 100, na kimo mara 100. Kwa hiyo ujazo umepungua mara 100 × 100 × 100, ni kusema mara 1,000,000. Gawanya kilo 47,600 kwa milioni moja: unapata gramu 47.6. Mtoto mdogo anaibeba kwa kidole.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Ngozi ya Comet, yaani yale mabati ya aluminiumu yanayofunika mwili, katika sehemu nyingi haikufika milimita moja. Sehemu nyingine ilikuwa milimita 0.7 tu. Katika maketi ya 1/100 ngozi hiyo ingekuwa milimita 0.007. Nani ana karatasi kama hiyo? Karatasi ya daftari lako iko na milimita 0.1 hivi. Ukitengeneza maketi kwa karatasi ya daftari, ni sawa na kutengeneza ndege kubwa yenye ngozi ya sentimita moja nzima! Na ukitumia kartoni, unene unazidi tena.

Kwa hiyo maketi inasema kweli juu ya umbo, lakini inadanganya juu ya unene. Ukiishika mkononi inaonekana ni ngumu, ni imara, haiogopi kitu. Ndege yenyewe ilikuwa kama yai kubwa. Wenye kuitazama waliona uzuri wa umbo lake. Ule wembamba hawakuuona, na kile kilichokuwa kikiendelea ndani ya wembamba ule hawakukiona kabisa.

IV. HEWA YA NDANI NA HEWA YA INJE

Ninyi mnaotoka Hauts Plateaux mnajua kwamba kule juu mgeni anahema anapopanda mlima. Hewa ni nyembamba kuliko hapa bondeni. Je, mita 10,000 na zaidi itakuwaje? Hakuna mtu anayeweza kuishi hapo. Kwa hiyo hewa inasukumwa ndani ya ndege kwa nguvu, mpaka abiria wapumue kana kwamba wako mita 2,400 hivi, yaani sawa na mtu aliyeketi kwenye vilima vya juu ya Uvira.

Basi ndani kuna hewa nyingi, inje kuna kidogo. Hewa ya ndani inasukuma ngozi ya ndege ipate kutoka, kama hewa ndani ya mpira wa kinga. Katika Comet tofauti hiyo ilikuwa karibu kilo 0.58 kwa kila sentimita mraba. Mtasema ni kidogo. Pigeni hesabu: kibao cha sentimita 40 kwa 40 kina sentimita mraba 1,600. Zidisha kwa 0.58. Unapata kilo 928. Ni zaidi ya mifuko 18 ya saruji, kila mfuko kilo 50, ikisukuma mahali padogo kama dirisha moja!

Nyuma ya hapo ndege inashuka, presio inapungua, ngozi inalegea. Kesho inaruka tena, ngozi inajaa tena. Kujaa, kulegea. Kujaa, kulegea. Kila safari mara moja.

Mafundi wa de Havilland walijua kwamba ngozi inaweza kuvimba. Walipima kipande cha mwili wa ndege kwa presio mara mbili ya ile ya kawaida, na hakikupasuka. Wakakijaza na kukilegeza mara nyingi sana. Kilivumilia mpaka mara 18,000 hivi. Walifurahi, na wewe na mimi tungalifurahi vilevile. Tutaona kosa lilikuwa wapi.

V. MISIBA MIWILI

Tarehe 10 Januari 1954, asubuhi, Yoke Peter, ile ile iliyopita Entebbe siku ya kwanza, iliondoka Roma kwenda London. Ilikuwa na watu 35. Hali ya anga haikuwa mbaya. Ilipokuwa bado inapanda, ilipasuka juu ya bahari karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Wavuvi waliokuwa kazini waliona vipande vinaanguka majini. Walikimbiza mashua zao, wakakuta maiti. Hakuna hata mmoja aliyepona.

Safari za Comet zilisimamishwa. Wakubwa walikaa, wakafikiri labda ni moto, labda ni moteri. Wakatengeneza sehemu nyingi za ndege, kila walichokidhania. Tarehe 23 Machi 1954 Comet ziliruhusiwa kubeba abiria tena, na ile sababu yenyewe haijapatikana.

Siku 16 tu zikapita. Tarehe 8 Aprili 1954 Comet nyingine, G-ALYY, iliondoka Roma kuelekea Cairo na Johannesburg, ikiwa na watu 21. Ilipotea baharini karibu na Napoli. Wote walikufa.

Hapo tusimame kidogo. Watu hawa 21 walikufa kwa sababu neno «labda» lilichukuliwa kana kwamba ni jibu. Katika mtihani ukiandika «labda» unapoteza alama. Hapa watu walipoteza maisha.

VI. MAKETI ZA FARNBOROUGH

Safari hii hakuna Comet iliyoruka tena na abiria. Waziri mkuu Winston Churchill alitaka sababu ijulikane, gharama iwe yoyote. Kazi ilipewa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, chini ya uongozi wa Arnold Hall. Tazameni jinsi walivyofanya, maana ni mfano mzuri wa mtu anayetafuta ukweli kwa utaratibu.

Kwanza, walikusanya vipande. Pale karibu na Elba bahari ilikuwa na kina cha zaidi ya mita 100. Manowari za Uingereza na mashua za wavuvi wa Italia zilivuta vipande kwa nyavu na makucha ya chuma, tena walishusha kamera ya televisheni chini ya maji. Kule Napoli bahari ilikuwa na kina cha karibu mita 1,000, nao walishindwa. Vipande vya Elba vilipelekwa Farnborough, vikafungwa kimoja kimoja juu ya kiunzi cha mbao chenye umbo la ndege. Mwishoni karibu asilimia 70 ya ndege ilikuwa imerudi. Hiyo nayo ni maketi, lakini ya kipimo 1/1.

Pili, walitengeneza ndege ndogo za mfano zinazoweza kuachana vipande vipande zikiwa hewani, wakazirusha na kutazama kila kipande kinaanguka wapi. Kwa njia hiyo walielewa ni sehemu gani iliyovunjika kwanza na ni ipi iliyofuata.

Tatu, profesa Antonio Fornari wa Pisa alikuwa amepima maiti. Alikuta mapafu yamepasuka na mafuvu yamevunjika, na hiyo haikuwa alama ya moto. Mafundi wakatengeneza kabini ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani, yenye viti na watu wadogo wa mfano. Walijaza hewa, wakaiacha ipasuke, wakapiga picha. Wale watu wadogo walirushwa mpaka darini kwa nukta moja. Yale aliyoandika daktari na yale yaliyoonyeshwa na maketi yakawa neno moja: ndege ilipasuka kama puto.

Lakini kumbukeni sehemu ya tatu ya somo: maketi inadanganya juu ya unene. Ilionyesha kwamba ndege ilipasuka. Haikuweza kuonyesha kwa sababu gani. Kwa swali hilo walihitaji ndege yenyewe.

Kwa hiyo, nne, walichukua Comet nzima, G-ALYU, ambayo ilikuwa imekwisha kufanya safari 1,221. Walijenga tangi kubwa sana kuizunguka, mabawa yakatokea inje, wakajaza maji ndani ya tangi na ndani ya ndege pia. Kisha kwa pompi waliongeza presio ya maji ya ndani, wakaipunguza, wakaiongeza tena. Mashine nyingine zilipindisha mabawa juu na chini kama upepo unavyofanya. Walifanya kazi usiku na mchana.

Sababu gani maji, na si hewa? Hili ni swali la mtihani! Hewa inakubali kubanwa. Ukiibana inaweka nguvu ndani yake kama resori, na chombo kikipasuka nguvu yote inatoka mara moja kama bomu. Ndege ingeharibika kabisa, na alama ya kwanza ingepotea. Maji hayakubali kubanwa. Ngozi ikipasuka, presio inashuka hapo hapo, mpasuko unasimama, na unaweza kuingia kuutazama kwa utulivu.

Mwisho wa Juni 1954 ngozi ilipasuka. Walihesabu: safari 1,221 za kweli, na 1,836 za ndani ya maji. Jumla 3,057. Mpasuko ulianzia kwenye pembe ya dirisha la mlango wa hatari.

VII. PEMBE MOJA, TUNDU MOJA

Madirisha ya Comet ya kwanza yalikuwa karibu mraba, na pembe zake zilikunjwa kidogo tu. Nguvu ya hewa inaposukuma ngozi, inapita ndani ya bati kama maji ya mto Runingu. Mto ukikuta jiwe, maji hayasimami. Yanazunguka ukingo wa jiwe, na pale ukingoni yanakwenda kwa nguvu zaidi. Vivyo hivyo nguvu ndani ya bati. Ikikuta tundu la dirisha inazunguka, na kwenye pembe inasongamana. Pembe ikiwa kali, msongamano ni mkubwa. Pembe ikiwa ya mviringo, nguvu inapita polepole.

Wahesabu wa kwanza walikuwa wamepima nguvu ya kawaida katika bati zima. Farnborough walipima pembeni kabisa, wakakuta karibu asilimia 70 ya nguvu ile inayoweza kukata aluminiumu ile mara moja. Tena pembeni hapo kulikuwa na matundu madogo ya riveti. Katika Yoke Peter ufa ulianza kwenye tundu kama hilo, kando ya dirisha dogo la antena ya redio juu ya paa. Kipande hicho cha paa kilivuliwa baharini, na mpaka leo kinatunzwa katika makumbusho ya sayansi ya London.

Ufa haukuanza siku ya ajali. Ulianza mbele, mdogo kuliko unywele. Kila safari uliongezeka kidogo. Jambo hili tunaliita uchovu wa metali. Kitu kinaweza kubeba mzigo mara moja bila shida, hata mzigo mara mbili, na bado kikavunjika kwa mzigo mdogo unaorudi mara nyingi.

Na kile kipande kilichovumilia mara 18,000? Hapa pana akili kubwa. Mafundi walikuwa wamekipima kwanza kwa presio mara mbili. Presio hiyo kubwa ilinyosha kidogo aluminiumu ya pembeni na kuiacha katika hali ya kubanwa, na hivyo ikapata nguvu ya kuvumilia uchovu. Ndege za abiria hazikupata tendo hilo kwa kiasi kile. Kwa maneno mengine, jaribio la kwanza liligeuza kitu kilichojaribiwa, na jaribio la pili likapima kitu kingine kabisa.

Tazameni tena hesabu hizi tatu. G-ALYY ilipotea nyuma ya safari 900 hivi. Yoke Peter, nyuma ya 1,290. Ile ya tangini, 3,057. Ni ndege za namna moja, za kiwanda kimoja! Basi uchovu hauna tarehe moja iliyoandikwa. Ndiyo maana fundi mwenye busara hasemi: moja ilifika 3,000, zote zitafika 3,000. Anachukua hesabu ndogo kabisa, kisha anapunguza tena.

VIII. COMET MPYA, NA COMET ZA AFRIKA MASHARIKI

Uchunguzi ulifanywa mbele ya watu wote, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 1955. Watengenezaji wa nchi nyingine waliyasoma, wakafaidika. De Havilland walirudi kazini, wakatoa Comet 4. Ngozi ilikuwa nene zaidi, madirisha yalikuwa ya mviringo, moteri ziliongezwa nguvu. Tarehe 4 Oktoba 1958 ilivusha abiria kati ya London na New York. Lakini tarehe 26 ya mwezi ule ule Boeing 707 ya Marekani ilianza nayo. Ilikuwa kubwa zaidi, ikachukua soko. Aliyetangulia alilipa gharama ya kujifunza, na wengine walivuna.

Hata hivyo Comet 4 ilitumika vizuri hapa kwetu upande wa mashariki. Kampuni East African Airways, iliyokuwa ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilipokea Comet 4 mbili mwaka 1960, VP-KPJ na VP-KPK, kisha ya tatu mwaka 1962, VP-KRL. Ziliunganisha Afrika Mashariki na London mpaka mwanzo wa miaka ya 1970, wakati ndege VC10 zilipokwisha kushika nafasi yao. Kampuni yenyewe ilivunjika mwaka 1977. Hakuna Comet 4 hata moja iliyopasuka angani kwa ajili ya pembe za madirisha.

Sasa ukiona maketi ya Comet utajua ni ipi. Madirisha ya mraba na mwili mfupi wa mita 28.4: ni ya kwanza. Madirisha ya mviringo, mwili wa mita 34, na mapipa mawili ya mafuta yaliyochomoza mbele ya mabawa: ni Comet 4 kama zile za Nairobi. Mtu asiyesoma ataona ndege mbili zinazofanana. Wewe utaona kile kilichowagharimu watu 56 maisha yao katika misiba ile miwili.

IX. SISI TUNASHIKA NINI?

Mtaniambia: mwalimu, sisi hatutengenezi ndege. Ni kweli. Lakini tunavuka madaraja, tunapanda malori na mitumbwi ya moteri. Ukimwuliza dereva juu ya resori iliyo na ufa, au mwenye mtumbwi juu ya ubao uliolegea, atakujibu: «Jana ilipita, leo nayo itapita tu.» Neno hili linaonekana ni la mtu mwenye uzoefu. Fizike inasema kinyume. Kila safari ya jana imekula sehemu ya nguvu ya kesho. Kupita jana si ushahidi kwamba itapita leo. Pengine ni sababu ya kuitazama vizuri zaidi.

Mafundi wetu wanajua sehemu ya somo hili bila kusoma Comet. Fundi kinga akiziba mpira wa ndani, anakata kiraka cha mviringo. Ukimwuliza sababu, atasema kiraka chenye pembe kinabanduka upesi kuanzia pembeni. Na fundi wa mabati akiona ufa, anatoboa tundu dogo la mviringo kwenye ncha ya ufa, usiendelee. Hiyo ni fizike ile ile. Msiwadharau. Waulizeni maswali.

MAZOEZI

1. Chukua vipande vitano vya waya wa namna moja, urefu sentimita 15. Pinda kila kimoja upande huu na upande huu mpaka kikatike. Hesabu mara ngapi, andika. Je, hesabu tano zinalingana? Linganisha na 900, 1,290 na 3,057.

2. Kata vipande viwili vya karatasi, upana sentimita 5, urefu sentimita 20. Kwenye ukingo wa kimoja piga mkato mwembamba wa sentimita 1. Kwenye ukingo wa kingine kata mviringo wenye kina hicho hicho cha sentimita 1. Vuta vyote kwa mikono miwili. Kipi kinapasuka kwanza? Eleza sababu.

3. Tengeneza maketi ya Comet ya kwanza kwa kartoni, kipimo 1/100. Ipime katika mizani ya maabara. Imezidi gramu 47.6 au haikufika?

MASWALI

a) Maketi ya Comet ya kwanza katika kipimo 1/50 itakuwa na urefu gani? Uzito wake uwe gramu ngapi ili ulingane na ujazo?

b) Kwa sababu gani Farnborough walitumia maji na si hewa?

c) Kipande kilivumilia mara 18,000, lakini ndege zikavunjika mbele ya 1,300. Eleza kwa maneno yako mwenyewe.

d) Tafuta kijijini kwenu kitu kimoja kinachobeba mzigo kila siku: daraja, ngazi, ekseli ya kinga, kamba ya kisima. Mahali gani pa kitu hicho ufa ungeanza? Chora, na uonyeshe mahali hapo kwa mshale.

Swali la (d) halina jibu moja katika kitabu. Michoro iliyo bora itatolewa katika namba inayofuata, na ukigundua ufa wa kweli, usingoje namba inayofuata: mwambie mwenye kitu leo.

Masomo mema.